KOCHI KUUKUU LIVALISHWE NGUO MPYA
Safu yetu ya kila mwezi: Nyumba na Jamaa

Tunashukuru kwa maswali mliyotuletea shuleni, mengine kwa mdomo na mengine kwa vikaratasi kupitia watoto. Mwezi huu tumechagua jambo ambalo akina mama wengi wametuuliza, na akina baba pia wanalo moyoni ingawa hawalisemi. Kochi la nyumba limechakaa, kitambaa kimepasuka, sponji inachungulia, na mgeni yuaja. Tufanyeje?

Jibu la haraka ni kununua jipya. Lakini pesa iko wapi? Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa katika kambi za hapa Kenya, Dadaab na Kakuma zote, na kila nyumba inajua yenyewe ilivyojibana. Hakuna mtu mwenye akili atakayeuza unga wa watoto ili abadilishe kochi. Kwa hivyo ushauri wetu si kununua, ni kulivalisha lile lililopo. Kochi hushonewa nguo yake ya kuvalishwa na kuvuliwa, kama vile mto unavyovalishwa foronya. Mafundi wa cherehani huiita kava. Jina si hoja, hoja ni kazi.

KWA NINI TUNALISEMA SASA

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kambini zilikuwako familia zilizokwisha kumaliza mahojiano na kupimwa afya, zikisubiri ndege tu. Baadhi yao walikuwa wameshauza vyombo: vitanda, masufuria, makochi. Safari ikasimama. Nyumba ikabaki na mkeka na mabegi yaliyofungwa. Wengine wamelazimika kununua tena makochi ya kambini, yale yaliyopita mikono mitatu minne, na ndio hao walioanza kutuuliza namna ya kuyafanya yapendeze.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka mkuukuu uliochakaa, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Hatusemi mtu asitarajie safari, la. Kila mmoja wetu ana matarajio yake na Mungu ndiye mpaji. Tunasema mbachao wako utunze mpaka siku ile msala utakapokuwa mkononi mwako.

Kuna pia wanaotuambia hivi: "Nyinyi walimu, mkitufundisha kupamba makochi mnatufundisha kukubali kwamba tutakaa kambini milele." Neno hili ni zito na tumelifikiria. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992. Mtoto aliyezaliwa miaka ile leo ana watoto wake. Amekua, ameoa au ameolewa, amepokea wageni na ameketi matangani, yote hayo nyumbani mwake hapa hapa. Kuishi vizuri leo hakumzuii mtu kuondoka kesho. Tena tazameni: kochi halibebeki, lakini kava huvuliwa, ikafuliwa, ikakunjwa, ikaingia begini pamoja na nguo. Na ukitaka kuuza kochi, lile lililofunikwa miaka miwili huwa kitambaa chake cha ndani bado ni kizima, na bei yake haianguki.

KUSHONA SI KAZI NGENI KWETU

Wengi wa wasomaji wetu wana asili ya Chovae, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayu. Kaskazini yake kuna Ngumi na Koyama, na kusini kuna Chula. (Wengine huandika Tovai na Tula. Sisi tunasema ch pale wenzetu wanaposema t, na tusione haya kwa hilo.) Visiwani kochi halikuwa jambo la kila nyumba. Watu walikalia mkeka, kitanda cha kamba na baraza. Lakini kushona, hilo tunalijua tangu zamani.

Mbajuni ni mvuvi na baharia, na chombo hakiendi bila tanga, na tanga ni kitambaa. Hukatwa vipande virefu, vikaunganishwa kwa mshono wa kukunjwa ili upepo usiupasue, na ukingoni kukashonewa kamba ya kulipa nguvu. Zamani zaidi kulikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Na si bahari tu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa pale zilipelekwa mpaka Misri. Basi watu ambao wazee wao walishona chombo kikavuka bahari, watashindwa na kochi la watu watatu?

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikaenea, wazazi wetu walitoka visiwani kwa vyombo. Wengi walifika Mombasa na kukaa kambi za pwani, kama ile ya Jomvu, mpaka kambi hizo zikafungwa miaka hiyo hiyo ya tisini. Mama aliyefika na leso zake mbili alijifunga, akambebea mtoto, akalalia na akajifunika. Kitambaa kimoja kazi nyingi. Somo la leo ni hilo hilo.

KWANZA TIBU KOCHI, KISHA ULIVIKE

Kava haitibu kochi bovu, inalifunika tu. Kwa hivyo kabla ya kitambaa fanya haya:

1. Lipindue kochi na utazame mbao. Mguu unaocheza upigwe msumari au ufungwe sawasawa. Misumari iliyochomoza ipigwe irudi ndani, la sivyo itapasua kava siku ya kwanza na kumchana mtoto.

2. Tazama mikanda ya mpira chini ya kiti. Iliyokatika weka vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, uvivute vikaze, upigilie kila upande.

3. Sponji iliyobonyea igeuze, upande wa chini uwe juu. Ikiwa imeliwa katikati, jaza matambara safi ya mitumba yaliyokatwa vipande vidogo, uyatie ndani ya mfuko wa kitambaa ili yasitawanyike. Pwani mito ilijazwa usufi. Hapa hatuna msufi, lakini matambara hatuyakosi.

4. Toa kochi nje juani kutwa nzima na ulipige kwa fimbo mpaka vumbi liishe. Chunguza mishono na pembe. Ukiona vidoa vidogo vyeusi, hao ni kunguni. Mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa za mbao, kisha likauke kabisa. Tafadhali usitie dawa ya shambani au ya mifugo ndani ya kochi. Watoto hulala hapo na midomo wazi.

KITAMBAA GANI?

Hapa kambini tuna vitambaa vya namna nne tunavyoviona sokoni.

Pazia na shuka za mitumba. Hizi ndizo tunazozipenda zaidi. Pazia nzito la pamba linadumu, na moja kubwa linaweza kutoa kava ya kiti kizima. Lishike juani ulitazame: ukiona mwanga mwingi unapita, litapasuka upesi.

Leso. Inapendeza na inafuliwa kwa urahisi, ila ni nyepesi. Itiwe kitambaa kingine chini yake, hata shuka kuukuu.

Jinzi za mitumba zilizokatika magoti. Kata vipande vya mraba vya ukubwa mmoja, uvishone pamoja. Ni kazi ya siku nyingi lakini kava yake ni ngumu kama turubai.

Vitambaa vya nailoni vinavyong'aa. Vinavutia macho, lakini kwenye joto letu mtu hutoka jasho akakwama kama samaki kwenye wavu. Tena vikiguswa na moto huyeyuka na kuganda mwilini. Penye jiko au kibatari karibu, achana navyo.

Na magunia ya plastiki ya chakula je? Yanafaa kuwekwa chini ya sponji ili vumbi lisipande, lakini yasiwe juu. Yanachoma ngozi na yanapiga kelele.

Rangi: vumbi letu ni jekundu na maji ni ya kupanga foleni. Nyeupe ni nzuri ikiwa una maji ya kufua kila wiki. Hudhurungi, kijani kilichoiva au kitambaa chenye maua mengi huficha vumbi zaidi.

HESABU YAKE

Sasa tuingie darasani. Chukua futi ya fundi, au kamba uliyoipima na kuitia mafundo. Tutatumia kiti cha mtu mmoja kwa mfano. Chako kitakuwa tofauti, kwa hivyo pima chako.

Kipande cha kati ni kirefu kimoja: kinaanza chini nyuma ya kiti, kinapanda, kinavuka juu ya mgongo, kinashuka mbele ya mgongo, kinapita juu ya kikalio na kuteremka mbele mpaka karibu na chini.

Nyuma, kutoka chini mpaka juu: sm 80
Mbele ya mgongo: sm 60
Ziada ya kuchomeka pale mgongo unapokutana na kikalio: sm 24
Kikalio: sm 55
Mbele kushuka chini: sm 40
Mapindo ya juu na chini: sm 6
Jumla: sm 265

Upana wake: kikalio sm 55, ziada ya kuchomeka pembeni sm 12 kila upande, na mshono sm 5 kwa jumla. Inakuwa sm 84.

Hiyo ziada ya kuchomeka ndiyo siri ya kava nzuri. Bila hiyo, mtu akikaa kava inavutwa, inatoka, na kila baada ya mgeni mmoja wewe unasimama kuirekebisha.

Mkono wa kiti: kutoka ndani penye kikalio unapanda sm 25, juu yake sm 12, unateremka nje sm 55, ongeza ziada ya kuchomeka sm 12 na mapindo sm 6. Jumla sm 110. Urefu wake kutoka mbele mpaka nyuma sm 70, na mshono sm 5, inakuwa sm 75. Vipande viwili, kulia na kushoto.

Leso moja ina kadiri ya sm 150 kwa 110. Ikate katikati, unapata vipande viwili vya sm 75 kwa 110. Basi leso moja imetosha mikono yote miwili. Leso mbili zikiunganishwa kwa urefu zinatoa karibu sm 295, na kipande cha kati kinahitaji 265. Kwa hivyo kiti kimoja ni leso tatu, yaani doti moja na nusu, na viti viwili ni doti tatu. Ule ukanda wa pembeni unaobaki, wa sm 26, ndio utakaotoa uso wa mbele wa mikono na tepe za kufungia. Mpe mtoto wako wa darasa la sita hesabu hii aifanye kwa kochi lenu. Atajua faida ya somo letu, na wewe utajua kama anasoma au anacheza.

KUKATA NA KUSHONA

Fua kitambaa kabla ya kukikata. Pamba hurudi ikipata maji. Ukishona kwanza kisha ukafua, kava itakuwa kama kanzu ya mwaka juzi kwa kijana anayekua, na haitaingia tena.

Kitambaa kikikauka, kitandaze juu ya kochi upande wa ndani uwe nje. Bana kwa pini kila panapokutana vipande. Tembea kulizunguka kochi, vuta, legeza, bana upya. Mtoto mmoja akae juu yake kidogo uone kama inavutwa. Ukiridhika, piga mstari kwa chaki au kipande cha sabuni kavu kando ya pini, uache inchi moja nje ya mstari, kisha ukate. Shona juu ya mstari. Penye mvuto mkubwa, yaani kikalio na mikono, shona mara mbili.

Usishone kava iwe kitu kimoja kisichotengana. Fanya vipande vitatu: mwili wa kiti, na mto wa kukalia, na mto wa mgongo kama upo. Sababu ni maji. Kipande kimoja kinafulika ndani ya karai moja, na jerikeni ya lita 20 inatosha kukifua na kukisuuza ukijibana. Leo unafua kimoja, kesho kingine, na kochi halibaki uchi.

Chini weka tepe za kufunga miguuni, mbili kila mguu. Ukitaka unadhifu zaidi pitisha lastiki kwenye pindo lote. Ukishavalisha, kunja magazeti makuukuu kama fimbo uyasukume ndani ya zile ziada ulizochomeka. Yatazuia kava isichomoke.

JINA LA LESO

Hili tunaomba lizingatiwe. Leso ina pindo, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Jina la leso ni kauli. Ukimwekea mgeni kochi lenye jina la mafumbo mbele ya uso wake, usishangae akiaga mapema. Na kuna leso zenye dua au jina la Mwenyezi Mungu. Hizo zisikaliwe kabisa. Kama unayo, kata sehemu ya jina uihifadhi, au ile leso uiache kwa kazi nyingine. Maneno mengine mema yapangwe yaje juu ya mgongo, yasomeke.

Na leso ya kumbukumbu, ile mama aliyotoka nayo visiwani au aliyopewa siku ya harusi, isiguswe na mkasi bila ya idhini yake. Hata kama iko sandukuni miaka kumi. Kitambaa kingine kitapatikana.

UKIMPELEKEA FUNDI

Si kila mtu ana cherehani. Ukienda kwa fundi, fanya mambo manne. Patana bei kabla ya kuacha kitambaa. Mpe vipimo vilivyoandikwa, na ubaki na nakala yako. Mwambie vipande vitakavyobaki ni vyako, maana hivyo ndivyo vya kutia viraka baadaye. Na siku ya kuchukua, ivalishe kochi kabla ya kumaliza malipo. Wako vijana wetu waliojifunza kushona katika vyuo vya ufundi hapa kambini na hawana kazi ya kutosha. Tukiwapa kazi hizi, pesa inazunguka humu humu kwetu.

MASWALI YENU

Mama mmoja anauliza: Sisi hatuna kochi, tuna magodoro ya kukalia kando ya ukuta. Je, safu hii inatuhusu?
Jibu: Inawahusu sana, na kazi yenu ni nyepesi. Godoro halina mikono wala mgongo. Pima urefu, upana na unene, shona foronya kubwa, mdomo wake uwe upande unaotazama ukuta, ufungwe kwa tepe. Mito ya mgongo ivalishwe kitambaa hicho hicho, chumba kitaonekana kimoja.

Baba mmoja anauliza: Mke wangu anataka seti nzima ishonwe kabla ya harusi ya binti yetu, kwa mkopo wa dukani. Nifanye nini?
Jibu: Baba, deni la dukani hulipwa na kadi ya chakula, na hapo ndipo nyumba nyingi zimezama. Anzeni na kiti kile kinachotazama mlango. Vingine vitandikwe shuka safi zilizochomekwa vizuri. Mshone kimoja kimoja kila mkipata. Wageni wa harusi watakumbuka walivyopokewa, na biriani.

Msichana mmoja anauliza: Vile vitambaa vya kufuma kwa sindano vinavyowekwa mgongoni mwa makochi, bado vinafaa?
Jibu: Vinafaa. Mgongo na mikono ndipo pachafukapo upesi kwa mafuta ya nywele na viganja vya watoto. Kitambaa kidogo juu ya kava hufuliwa mara nyingi ili kava yenyewe isifuliwe mara nyingi. Endelea kufuma, na uuze pia.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo mwezi huu. Atakayeshona kava yake atuletee habari shuleni: alitumia kitambaa gani, kiasi gani, na imedumu vipi, ili wengine wafaidike. Mwezi ujao tutaeleza namna ya kutengeneza chandarua kilichotoboka, kwani mbu hawangoji mvua. Tuonane salama inshallah.